Afande Seba, Pokea Ripoti ya Daraja

Sajenti Sebastiani Mgonanze
1956 – 13 Juni 2024
Kijiji cha Lukangala, Ifakara

Mwaka umetimia, baba, tangu jioni ile ya mwisho uliponawa mikono, ukatutazama mmoja mmoja, ukauliza, "Ripoti?"

Wasiotufahamu waelewe kwanza. Nyumbani kwetu hakuna aliyeshika tonge kabla ya kutoa ripoti. Sentensi moja tu. Ukizidisha unaambiwa, "Fupisha, kuruta!" Kaka Ignas alikuwa anasema amefaulu hesabu. Mimi nilikuwa nasema sijapigana na mtu, hata siku nilizopigana. Mama alitoa yake huku anapakua ubwabwa: "Kuku wawili wametaga, wa tatu ananichezea akili." Hata padre alipokuja kula samaki wetu wa kitoga sikukuu ya somo wa kigango, alitoa ripoti. Alisema amebatiza watoto kumi na mmoja na tairi la pikipiki yake limepasuka. Ukamwambia hizo ni ripoti mbili.

Basi hii ni ripoti yetu ya mwaka mzima. Anayeandika ni mimi, Luciana, kitindamimba wako. Ignas alitaka kuandika yeye, mama akamkatalia. Alisema, "Huyo ataweka maneno ya ofisini, baba yenu atasoma mstari wa kwanza asinzie." Nikapewa mimi kalamu, na nimeagizwa niandike yote, hata ya aibu. Ya aibu yapo, baba. Vumilia.

Na neno "mstaafu" hatujaliweka mbele ya jina lako. Tunajua ungelifuta.

Uliingia jeshini ukiwa na miaka ishirini, mtoto wa mvuvi aliyekuwa hajawahi kuvaa viatu vya kufunga kamba. Ulipenda kutusimulia jinsi ulivyokuwa kuruta usiyejua kushoto wala kulia. Afande akisema geuka kushoto, kombania nzima inaelekea kwenye bendera, wewe peke yako unaelekea jikoni. Ulikimbizwa kuzunguka uwanja na gunia la mchanga mpaka ukaota kushoto na kulia usingizini. Tulicheka kila uliposimulia, na ulisimulia kila Krismasi.

Ukafanywa mhandisi wa medani. Vita vya Kagera vilipokuja ulikuwa na miaka ishirini na miwili, na kazi yako ilikuwa kuhakikisha wenzako wanavuka mto. Hukupenda kusimulia habari za risasi. Ulisimulia habari za magogo, kamba na maji, na jinsi askari anavyokanyaga daraja bila kuuliza nani kalijenga. "Hiyo ndiyo heshima kubwa," ulikuwa unasema. "Mtu akanyage bila kuuliza."

Mwaka 1998 ukarudi Lukangala na begi moja, filimbi na kopo la rangi nyekundu. Watu wakaja kukupa pole ya kustaafu. Ukawajibu, "Nani kastaafu? Nimehamishwa kikosi." Walidhani unatania. Jumamosi iliyofuata, kumepambazuka tu, ukapuliza filimbi katikati ya kijiji. Watu wakajua ni wezi, wakatoka mbio na mapanga, mashoka na marungu. Ukawapanga mstari, ukawakagua, ukasema, "Vizuri sana, mmekuja na vifaa. Leo tunafyeka barabara ya zahanati." Na wakafyeka, jamani! Mpaka leo wapo wanaoapa kwamba walikubali kwa hiari.

Tangu siku hiyo Jumamosi ya Lukangala ikawa ya kwako. Mifereji ya shule mlichimba Jumamosi. Vyoo vya soko, kisima cha kwa kina Mponda, miti ya kivuli pale zahanati, yote ni ya Jumamosi. Jirani yetu mama Frida alipofikisha miaka hamsini na kusema anakufa na hamu ya kuendesha baiskeli, hukumcheka. Ulimfundisha wewe, ukikimbia nyuma yake umeshika keria na kupiga kelele, "Mbele tazama! Usiangalie tairi, halikimbii!" Alianguka kwenye majaruba ya mpunga mara nne. Mara ya tano akaenda peke yake mpaka Idete, na hakujua kushuka, ikabidi watu wa Idete wamdake.

Hatusemi ulikuwa malaika. Ulikuwa mbishi. Kuimba hukujua na ulikaa mstari wa mbele kanisani. Daktari alikukataza sukari, na ukawa unatia vijiko vinne kwenye chai huku umempa mama mgongo, unadhani hahesabu mlio wa kijiko. Alikuwa anahesabu.

Sasa tuseme habari ya mto.

Wote wa bonde hili wanajua maisha yetu. Nyumba ziko upande huu wa Mto Mbingwi, mashamba ya mpunga yako ng'ambo. Masika yakikaribia watu wanahamia kwenye madungu, vibanda vya huko shambani, na mto ukijaa wanabaki huko huko mpaka maji yashuke. Ndugu zetu Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao makazi yao ndiyo hayo hayo ya ng'ambo. Zahanati, shule na barabara ya kwenda Ifakara viko upande huu. Kiangazi unavuka umekunja suruali. Masika hata mtumbwi unaogopa.

Machi 2011 Violeth, mke wa Mponda, alishikwa na uchungu akiwa dunguni. Wanaume walimbeba mpaka ukingoni. Wewe ulikuwa upande huu, kiunoni umefunga kamba, mara tatu umejaribu kuvuka na mara tatu maji yamekurudisha. Ulikuwa unamwona. Ulikuwa unamwita kwa jina, ukimwambia asifumbe macho. Aliaga dunia pale pale ukingoni, saa nne asubuhi, jua linawaka, na mtoto tumboni.

Jioni ile ulinawa mikono, ukakaa, hukuuliza kitu. Mama akasema, "Baba Ignas, leo huulizi?" Ukajibu, "Leo natoa mimi. Nikiwa na miaka ishirini na miwili nilivusha jeshi. Leo nimeshindwa kumvusha mama mmoja." Ukasukuma sahani. Sijawahi kukuona ukisukuma sahani, si kabla wala baada.

Kuanzia hapo maisha yako yote yalikuwa daraja. La kwanza la miti myembamba lilichukuliwa na maji mwaka 2014. La pili 2019. Watu wakakuambia, "Afande, pumzika, mto umekushinda." Ukawajibu kwamba mto haujakushinda, umekupa maelekezo. Ukaandika barua, ukaenda na kurudi ofisi za misitu kwa baiskeli, mpaka mwaka 2023 ukapata kibali cha magogo ishirini na mawili ya maana.

Na ulifanya jambo ambalo wengine tuliona haliwezekani. Mzee Alphonce, mwenyekiti wa wakulima, na Jeremia, kijana wa Kisukuma mwenye ng'ombe wengi, walikuwa hawasalimiani tangu ng'ombe wa Jeremia waingie kwenye mpunga wa Mzee Alphonce. Ukawaita wote wawili. Ukawawekea gogo moja, huyu mbele, huyu nyuma. "Hamna haja ya kuongea," ukawaambia. "Bebeni." Baada ya safari ya sita Mzee Alphonce akasikika anasema, "We kijana, punguza mwendo, mimi si fahali wako." Jeremia akasema, "Samahani, mzee. Shikamoo." Ukaja nyumbani ukatoa ripoti kwamba salamu imepatikana.

Tangu hapo wakulima wakakata na kuchonga, na Wasukuma wakaleta maksai wa kuvuta. Juni mwaka jana magogo yote yalikuwa yamelala uwanjani kwetu. Wiki ile ya mwisho ulichukua kopo lako ukayaandika kwa rangi nyekundu. Kumi na moja uliyaandika S. Kumi na moja uliyaandika L. Mzee Alphonce akauliza, "Afande, hizi herufi ni za nini?" Ukamjibu, "Mtajua Jumamosi kwenye gwaride."

Alhamisi ukasema kichwa kizito, unajilaza kidogo. Brashi ilikuwa bado haijakauka. Presha haikusubiri Jumamosi.

Hapa ndipo aibu inapoanza.

Tulipomaliza matanga, Julai, kijiji kikakaa kikao cha daraja. Wakatazama magogo. Wakagundua kitu ambacho mtu yeyote angegundua: magogo ya S ni manene, yamenyooka, mazuri kuyatazama. Ya L ni ya kawaida tu. Mzee Alphonce akasimama akasema, "Hili halihitaji elimu. S ni Sukuma. L ni Lukangala. Afande ametuachia makapi, miti ya maana amewapa wageni." Watu wakaguna. Kuna aliyesema wazi, na jina lake nalihifadhi kwa sababu ameshatubu, kwamba Sajenti alikuwa anakunywa maziwa ya upande ule bure, ndiyo maana.

Jeremia alikuwepo. Alinyanyuka polepole, ni mtu mrefu. Akasema, "Kama S ni sisi, tupeni yetu tukajenge kwetu. Kama si sisi, basi maksai wetu walivuta kwa ajili ya nani? Mzee wetu amelala juzi tu, leo mnamtukana kwa maziwa." Akaondoka, na wenzake wote wakaondoka, na maksai wakaondoka.

Nilipuliza filimbi yako Jumamosi iliyofuata. Wakaja watu watano, na watatu ni ndugu zetu. Iliyofuata wakaja wawili, mmoja akiwa amekuja kuomba jembe lake. Ignas akaja kutoka Kidatu anakofanya kazi, akatafuta mchoro kwenye begi lako, kwenye Biblia yako, hadi chini ya godoro. Mchoro ulikuwa kichwani mwako, baba, na kichwa umeondoka nacho. Nilikukasirikia. Nasema ukweli. Nilikaa juu ya gogo la S nikakugombeza kwa sauti mpaka mama Frida akaja kunishika mkono akidhani nimechanganyikiwa.

Agosti ikapita, na Septemba nayo ikawa inaishia. Siku moja mama alitoka sokoni, akakaa kizingitini bila kutua kapu. Akasema amekutana na Merina, mke wa Jeremia, na kwamba yule binti ana mimba changa. Akaanza kuhesabu kwa vidole. Oktoba, Novemba, Desemba. Alipofika kidole cha Aprili akahesabu tena kuanzia mwanzo, akafika pale pale. "Masika hayo," akasema. "Tena katikati ya masika." Hakuna aliyetaja jina la Violeth, ila wote tuliokuwa uani tulitazama kule mtoni.

Jumamosi ya mwisho ya Septemba ndugu walikusanyika kugawa nguo na vitu vyako, maana tulikuwa tumechelewa kwa ajili ya mavuno na mambo mengine. Koti la jeshi akapewa Viktor, kaka yetu wa kati. Redio akapewa mjomba. Buti zako za mvua akapewa Ignas, kwa kuwa mguu wenu ni mmoja. Akazivaa pale pale mbele ya watu, akasimama, akapiga hatua mbili akiwa anachechemea.

Mama akamtazama miguuni. Akapandisha sauti, "We Ignas! Na ukubwa wote huo, na mke na watoto, bado hujui S ni kushoto?"

Ignas akasema, "Nini?"

"S ni kushoto, L ni kulia! Baba yenu amewaandikia miaka yote kwenye kila buti humu ndani, na bado unavaa kinyume. Kushoto ina K na kulia ina K, ndiyo maana kuruta wanagongana. Mara ngapi alisema?"

Baba, wote tukageukia miguu ya Ignas. Nikatazama buti: herufi nyekundu, kisiginoni, moja S, moja L. Nikatazama zangu mlangoni. S na L. Za wajukuu, tena zile ndogo kabisa za mtoto wa Viktor, S na L. Tumekanyaga hizo herufi toka utoto, ndiyo maana tulikuwa hatuzioni tena. Nikageuka kutazama magogo, na nikakaa chini nikalia na kucheka kwa pamoja. Mama alikuwa bado anamgombeza Ignas.

Kesho yake baada ya ibada Ignas alienda ng'ambo kumsihi Jeremia aje. Alikuja, ila alisimama mlangoni mwa ghala la kijiji, hakukaa. Mzee Alphonce alikaa mbele amekunja mikono. Mimi nikaweka buti zako juu ya meza. Watu wakanung'unika, buti mezani ni mambo gani? Nikawageuzia visigino. Nikasema, "S ni ku-sho-to. L ni ku-li-a. Baba hakumpa mtu gogo. Alikuwa anatuonyesha pa kuliweka."

Mzee Alphonce akasema, "Hizo umeziandika jana."

Mama hakunyanyuka hata kwenye kiti. Alisema tu, "Shemeji Alphonce, hizo buti ulizovaa wewe ulipewa na nani?"

Mzee akainama. Akanyanyua mguu mmoja, akausogeza kwenye mwanga wa dirisha. Akanyanyua na wa pili. Ulimpa buti hizo wewe mwenyewe, miaka mitano nyuma, alipokatwa na gugu mguuni. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa, "Mimi nilijua ni saizi! Nilijua nimepewa moja S, ndogo, na moja L, kubwa! Miaka mitano nasikia hii ya kushoto inanibana, nasema basi, ni ya msaada, nivumilie!"

Loh! Ghala lilipasuka kwa kicheko. Mama Frida alitoka nje kwa sababu alishindwa kupumua. Na Jeremia, aliyekuwa ameapa kutocheka na watu wa Lukangala tena, alishika mlango kwa mikono miwili, mabega yanatikisika. Alipotulia akasogea mpaka mezani, akazitazama buti, akafikiri. Akasema taratibu, "Ukitoka huku kijijini, kushoto ni upande maji yanakotokea. Yanapiga huko. Ndiyo maana miti minene. Na ng'ombe ni wazito, wapite huko huko. Watu na baiskeli wapite kulia." Akafuta macho. "Afande alikwisha kujenga. Sisi tu tulikuwa hatujasoma."

Mama akauliza, "Na ukiwa unarudi, si kushoto inakuwa kulia?"

Ignas akajibu, "Ukiwa unarudi ni nyuma geuka, mama."

Mzee Alphonce akasimama. Akaenda mpaka alipo Jeremia, akampa mkono mbele ya watu wote. Akasema, "Nimemkosea marehemu, na nimekukosea wewe. Kesho lete maksai. Mimi nitabeba mbele."

Na alibeba mbele, baba! Oktoba nzima na Novemba nzima, kijiji hakikusubiri Jumamosi. Filimbi yako ililia kila siku mpaka njegere yake, kile kipira cha ndani, ikakwama, ikabidi Viktor aitoe na kuirudisha. Wasukuma walivuta kwa nyimbo zao, wakulima wakashika kiitikio bila kujua maana. Ignas alichukua likizo Kidatu akaja kufunga vyuma. S zikaenda kushoto na L zikaenda kulia, na kila gogo lilikaa mahali pake kwa kipimo, hakuna hata moja lililopungua shubiri. Hapo ndipo wazee walipovua kofia. Ulikuwa umepima yote peke yako, na miwani yako ile iliyofungwa uzi.

Jumamosi ya tarehe 30 Novemba daraja lilikamilika. Jeremia akavusha ng'ombe kumi na wanne upande wa kushoto, na daraja likatulia tuli. Kisha tukabishana nani awe mtu wa kwanza kupita kulia. Wengine walisema mwenyekiti, wengine walisema mama. Mama akasema, "Apite mama Frida." Mama Frida akapanda baiskeli yake na kanga mpya, na kijiji kizima, huku na ng'ambo ya mto, kikapiga kelele kwa pamoja, "Mbele tazama!" Alivuka bila kuyumba. Kushuka bado hajui, Wasukuma wakamdaka.

Mvua ya kwanza ikanyesha jioni ile ile, na hakuna aliyekimbia kujificha.

Sasa sikiliza sehemu ya mwisho, baba, maana ndiyo uliyoisubiri.

Aprili mto ulijaa. Wazee wanasema ulijaa kuliko ule mwaka wa Violeth. Maji yalifika shubiri moja chini ya mbao, kahawia, yanavuta miti mizima. Jumanne ya Wiki Kuu, kumepambazuka, simu ya Jeremia ikaita kwa Ignas, aliyekuwa amekuja kwa Pasaka. Alisema maneno mawili: "Merina. Tayari."

Filimbi ilipulizwa na mama. Mwenyewe. Alitoka na gauni la kulalia na buti zake za S na L. Watu wakamiminika mtoni mpaka ukingo ukajaa. Ng'ambo wakatokea wanaume wanane na machela, wanne Wasukuma na wanne wakulima waliokuwa kwenye madungu. Aliyeshika mbele, na umri wake wote, alikuwa Mzee Alphonce. Walipofika kwenye mbao daraja lilikuwa linatetemeka kwa nguvu ya maji, na nikaona wanasita. Mama karibu yangu alikuwa amenishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi.

Ndipo Mzee Alphonce akapandisha sauti: "Wote pamoja! Kushoto! Kulia! Kushoto! Kulia!" Wakaitikia, miguu ikaanguka kwa mpigo mmoja, kushoto, kulia, na wa upande huu tukaitikia pia, watoto, wazee, wote. Baba, hakuna kwata uliyowahi kuisimamia iliyonyooka namna ile. Merina alikuwa macho. Alipita mbele yangu, uso umejaa jasho, na nilimsikia anahesabu na yeye.

Bajaji ilikuwa inangoja kwenye barabara ya udongo pale juu. Saa sita na nusu Ignas akapiga simu kutoka hospitali Ifakara. Alilia kwanza, kwa hiyo tuliteseka bure kama dakika nzima. Halafu akasema: mtoto wa kike, kilo tatu na robo, mama yake anakunywa uji.

Siku ya tano baadaye walirudi. Merina alisimama katikati ya daraja na mtoto mgongoni, akatazama maji. Akatushukuru kwa Kisukuma, "Wabeja sana." Kisha akageuka akasema vilevile pale penye gogo la kwanza la S, mahali rangi yako bado inaonekana. Jeremia alikuwa na kifurushi mkononi. Alimpa mama. Ndani kulikuwa na buti za mtoto, ndogo kabisa, za kuvaa labda mwakani. Akasema, "Mama, tuandikie."

Mama alifungua kopo lako. Rangi ilikuwa imebaki kidogo chini. Imetosha.

Misa ya kukuombea itasomwa kigangoni Lukangala Jumamosi, tarehe 14 Juni, saa tatu asubuhi. Baada ya misa tutatembea wote mpaka darajani, kisha ni ubwabwa na kitoga nyumbani. Chai itakuwepo, na sukari mama ameamua kuiachia mezani, kwa heshima yako.

Wanaokutaja kila siku ni mkeo Yosefina, watoto wako Ignas, Viktor na Luciana, wakwe zako, wajukuu zako saba, jirani yako mama Frida, Jeremia na Merina na binti yao, kijiji cha Lukangala, huku na ng'ambo, na Mzee Alphonce, ambaye amesisitiza aandikwe upande wa familia, na ambaye sasa anajua kiatu chake cha kushoto kinambana kwa sababu tu ana kidole kibaya.

Jioni hii tutanawa mikono, na mama atauliza kwa niaba yako. Tumekubaliana wote tutatoa ripoti moja, sentensi moja, kama ulivyotufundisha.

Masika yamepita, Afande, na mama mmoja amevuka.

Maadamu kuna mguu unaokanyaga lile daraja, hata bila kuuliza nani kalijenga, sisi tutajua. Mguu pande, baba.